Dogo kapata wani ya 7 PCB, mzee anataka kuuza injini ya boti ampeleke nje. Wenye uzoefu njooni kabla hatujaharibu

Mwisho_wa_Reli (mleta uzi)

Wakuu habari za mda huu. Niko Kigoma mjini, nyumbani ni Kibirizi kule kule kwenye dagaa. Nina mdogo wangu wa kike kamaliza fom siksi mwaka huu PCB (fizikia, kemia na baiolojia), kapata B B C yaani divisheni wani ya pointi 7, kwetu sisi ni sherehe, mama alichinja kuku wawili na majirani wakaja kama kuna harusi.

Sasa shida imeanzia hapo hapo kwenye sherehe. Kuna jamaa alikuja na vipeperushi, karatasi nzuri ile inayoteleza, kuna picha ya majengo na mabinti wamevaa makoti meupe. Akamwambia mzee binti mwenye wani ya 7 akibaki hapa atapangiwa kozi za ajabu, nje anaingia udaktari moja kwa moja, hakuna mtihani wa Kiingereza, admisheni siku tatu. Mzee wangu ni mvuvi, hakusoma zaidi ya la saba, ila ukimwambia "daktari" anakaa kimya anatabasamu mwenyewe. Kesho yake namkuta yuko na fundi wanaikagua ile injini yake ya Yamaha, mtu wa Katonga kashafika bei milioni 6 na nusu.

Nimemwomba anipe wiki mbili. Mimi nina ajira ndogo tu, nje sijawahi kufika zaidi ya Bujumbura kununua vitenge. Naombeni wenye uzoefu mniambie mtu anachaguaje chuo cha nje, anaanza na nini, na nchi gani ina unafuu. Nimesikia China, India, Uganda, Uturuki, na kuna mtu kaniambia Ujerumani ni bure kabisa. Karibuni.

Kuhe_Mkavu

Ngoja waje wenye mambo yao. Mi nimekaa pale na kahawa na kashata.

Mjomba_Gungu

Mkuu hongera kwa dogo. Swali moja tu, mwenyewe dogo anasemaje?

Wakala_Mwaminifu

Habari ndugu. Tunapeleka vijana China, India, Uturuki, Cyprus. Admisheni haraka, viza uhakika, huhitaji mtihani wa Kiingereza wa IELTS. Lipia kidogo kidogo. Njoo inboksi nikupe utaratibu nafasi zimebaki chache.

Dada_Bugando

Huyu hapo juu keshafika, wananusa hawa watu.

Mleta uzi nisikilize mimi, nipo kwenye afya mwaka wa tisa huu. Usianze na nchi. Anza na TCU, ile tume ya serikali inayosimamia vyuo vikuu. Mtanzania anayekwenda kusoma digrii nje anatakiwa apate barua ya TCU ya kutokuwa na pingamizi, wenyewe wanaiita NOC, unaomba kwenye mfumo wao ukiwa na vyeti na barua ya admisheni. Wao ndo wanaangalia kama hicho chuo kinatambulika huko kwao na kama mtoto ana vigezo vya kusoma hiyo kozi hata angekuwa hapa hapa. Akimaliza anarudi tena kwao kutambuliwa ile digrii. Sasa watu wanaruka hatua ya kwanza wanasema ntafanya nikirudi, anarudi na joho na picha, anaambiwa chuo hakimo. Nimeshuhudia mtu mzima analia kwenye kiti cha plastiki.

Pia TCU huwa wanasajili mawakala wa vyuo vya nje na orodha wanaweka kwenye tovuti yao. Huyo wa vipeperushi muulize namba yake ya usajili, muulize kwa upole tu, angalia macho yake.

Alafu udaktari una ngazi nyingine, Baraza la Madaktari Tanganyika, MCT. Kabla ya intanishipu kuna mtihani wao. Mtoto akisomeshwa ovyo nje, haponi kwenye huo mtihani. Kwaiyo unapochagua chuo tafuta mtu aliyetoka chuo hicho hicho, siyo nchi hiyo, CHUO HICHO, umuulize aliufanya mara ngapi.

Mwisho_wa_Reli

Dada asante sana, haya mambo ya NOC mi ndo nayasikia leo. Jamaa hakutaja kabisa. @Mjomba_Gungu dogo ana furaha tu mkuu.

Mjomba_Gungu

Furaha ya matokeo au furaha ya udaktari?

Niihao_Buhigwe

Mkuu mimi nimesoma MBBS, yaani digrii ya udaktari, China, nimeingia 2018 nimemaliza 2024, kwaiyo ntaongea ya kwangu, chuo sikitaji.

Kwanza China si nchi moja ukiongelea ada. Mimi nilikuwa najilipia. Kuna hii skolashipu ya serikali ya China, CSC, hiyo ni nzuri kweli, ada wanalipa, hosteli wanalipa, na wa digrii ya kwanza anapewa yuani 2,500 kila mwezi za kula. Lakini wengi wa digrii ya kwanza wanasomea kwa Kichina, yaani mwaka mzima wa kwanza ni lugha tu, ufaulu, ndo uingie kozi. Anayekuambia CSC ya udaktari kwa Kiingereza ipo tele tele mwambie akuonyeshe.

Hizi za kujilipia kwa Kiingereza zipo, na Wizara ya Elimu ya China ina orodha ya vyuo vilivyoruhusiwa kufundisha MBBS kwa Kiingereza kwa wageni. Chuo kisipokuwa kwenye orodha hiyo kimbia. Na hata ukiwa kwenye hicho cha orodha, darasani ni Kiingereza ila wodini mgonjwa ni bibi wa kijijini anaongea Kichina cha kwao hata Mchina wa mjini hakielewi, wewe umesimama na daftari. Usipojibidiisha lugha miaka mitatu ya kwanza, wodini unakuwa mtalii.

Sasa sikia mkasa. Januari 2020 nikaja nyumbani likizo, nilibeba begi moja dogo maana narudi mwezi wa pili. Corona. Mwezi wa tatu mwishoni wakafunga mpaka kwa wageni. Nimekaa Kigoma mpaka Septemba 2022. Kipindi cha kwanza saa mbili asubuhi China, hapa ni saa tisa usiku. Nilikuwa nalala saa mbili jioni naamka saa nane na nusu, nakaa uani kwa sababu ndani mtandao haushiki, nimejifunika shuka la mama, natazama mtu anapasua mguu wa maiti kwenye simu yenye kioo kimepasuka, na bando likikata katikati ya mshipa basi ndo hivo huo mshipa nimeujulia kitabuni. Na ada nalipa ileile. Mama akiamka kwenda sokoni ananikuta nimesinzia na simu inaongea Kichina peke yake.

Sisemi msiende China. Nimerudi, nimefaulu, niko intanishipu sahivi. Nasema muulize chuo: ikitokea mwanangu kashindwa kurudi, mna utaratibu gani? Mimi sikuuliza.

Kuhe_Mkavu

"Simu inaongea Kichina peke yake" nimecheka mpaka kahawa imemwagika samahani mkuu

Pwani_ya_Ujiji

Afadhali wewe Corona. Bwana mdogo wa jirani yetu hapa Ujiji alikuwa Khartoum, mwaka wa nne udaktari. Tarehe 15 Aprili 2023 asubuhi wanasikia mabomu. Walirudishwa nyumbani mwishoni mwa mwezi huo huo kupitia Ethiopia, kafika na kanzu na simu. Transkripti zimebaki huko, na bila transkripti hakuna chuo kinakupokea mwaka wa nne. Na wa Ukraine mwaka mmoja nyuma, Februari 2022, vilevile. Sasa vita mtu huwezi kuvitabiri, ila kila semista ikiisha mtoto achukue matokeo yake yenye muhuri aya-skani ayatume kwenye barua pepe ya nyumbani. Haigharimu kitu.

Wakala_Mwaminifu

Tunavyo vyuo nchi zenye amani tu ndugu zangu. Inboksi iko wazi.

Dada_Bugando

Namba ya usajili TCU?

Wakala_Mwaminifu

Njoo inboksi dada.

Dada_Bugando

Hapa hapa.

Mwisho_wa_Reli

Kaka wa Buhigwe pole sana na hongera. Jamani na Ujerumani hii ya bure vipi?

Rafiki_wa_Liemba

Ujerumani ada vyuo vingi vya serikali kweli hakuna, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg ambako asiyetoka Ulaya analipa euro 1,500 kwa semista, na baadhi ya vyuo vingine vimeanza kutoza. Ila viza wanataka uonyeshe hela ya kuishi mwaka mzima imekaa benki kwenye akaunti iliyofungwa, euro 11,904, unatoa 992 kwa mwezi. Hiyo kwa shilingi ni zaidi ya milioni 30. Ongeza Kijerumani chenyewe, na wengi wetu wenye vyeti vya huku wanapitia kwanza mwaka wa maandalizi, Studienkolleg. Kwaiyo bure ni bure, ila kuufikia mlango wa hiyo bure lazima uwe na mamilioni, ni kama kuambiwa samaki bure lakini ukavue mwenyewe katikati ya ziwa na boti huna. DAAD, shirika la Wajerumani la ufadhili wa masomo, nao ufadhili wao mwingi ni wa masta na udaktari wa falsafa, siyo fom siksi.

Uturuki ndo mwambie dogo aiweke kichwani. Türkiye Bursları, ufadhili wa serikali ya Uturuki, inafunguliwa kila mwaka tarehe 10 Januari mpaka 20 Februari, kuomba ni bure, uwe chini ya miaka 21 kwa digrii ya kwanza. Wanalipa ada, hosteli, posho, bima, tiketi ya kwenda na ya kurudi ukimaliza, na mwaka wa kwanza Kituruki. Kwa udaktari wanataka wastani kuanzia 90% kwaiyo ni ushindani wa kufa mtu. Sasa mtu akikuambia mlipe laki tano akujazie fomu ya kitu cha bure, hiyo laki tano ni ya ujinga wetu.

Kampala_Nipo

Nimeingia. Mtoto wa Kasulu mimi, niko Kampala mwaka wa tatu, siyo udaktari lakini tunaishi hosteli moja na wa udaktari.

Faida ya Uganda kwa mtu wa Kigoma ni barabara. Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, Biharamulo, Bukoba, Mutukula, Masaka, Kampala. Mtoto akiugua mzazi anapanda basi. China utapanda nini? Nimekuja na dagaa ndoo nzima na mawese lita tano kila semista, nusu nakula nusu nawauzia Watanzania wenzangu, hiyo inalipa umeme.

Vyuo viko vya kila namna, Makerere ni ya tangu 1922 haihitaji maelezo, Mbarara ipo ya serikali na udaktari wake una jina, na vya binafsi vingi. Jumuiya ya Afrika Mashariki wana Baraza la Vyuo Vikuu, IUCEA, makao yake hapa hapa Kampala, na 2017 marais walitangaza eneo moja la elimu ya juu, kwaiyo kuhama na kutambulika kwa karatasi ni rahisi kuliko nchi za mbali. Na mabaraza ya madaktari ya nchi zetu huwa wanakagua vyuo vya udaktari kwa pamoja. LAKINI. Kila chuo kina ada ya mwananchi, ya Afrika Mashariki na ya mgeni, kingine Mtanzania anahesabiwa kama mwenyeji kingine anahesabiwa kama katoka Brazili. Uliza kwa maandishi.

Na ingine, hii ndo inaua watu, ada ya masomo ni mstari mmoja tu. Chini yake kuna maktaba, usajili, mitihani, kitambulisho, chama cha wanafunzi, bima, kuna ya kuchelewa kulipa. Mkuu hicho kipeperushi unacho? Kisome mstari kwa mstari. Angalia kama imeandikwa kwa mwaka au kwa SEMISTA.

Mwisho_wa_Reli

Ngoja nikichukue kiko kwa mzee.

Mama_Mawese

Wanangu mimi ni mama wa watoto watano, wawili wamesoma vyuo, nisikilizeni kidogo na mimi. Huyo baba asiuze injini. Injini ndo inavua, ikivua ndo mwaka wa pili unalipwa. Ukiiuza umelipa mwaka wa kwanza, wa pili utauza nini, nyumba? Nimeona hapa hapa Mwanga mtu kauza shamba la michikichi mtoto akaenda, mwaka wa pili mtoto anapiga simu baba nimezuiwa mtihani, baba anaangalia michikichi ya mtu mwingine inazaa. Mtoto akarudi bila cheti na aibu juu, sahivi anauza vocha.

Kuhe_Mkavu

Shikamoo mama. Umepiga palepale.

Mama_Mawese

Marahaba mwanangu.

Mwisho_wa_Reli

Wakuu nimerudi. Nimekaa kwanza nje nimevuta pumzi ndo naandika.

Shikamoo Mama Mawese. Nimekichukua kipeperushi, kilikuwa chini ya godoro la mzee kimekunjwa kwenye mfuko wa rambo kama hati ya kiwanja. Mbele kimeandikwa kwa herufi kubwa dola 2,400, sisi wote tulisoma hapo tukajua ni mwaka. Nikakigeuza nyuma, kuna maandishi madogo ya kijivu kwenye karatasi nyeupe, nilibidi nitoke nje kwenye jua niinamishe karatasi. Kwa semista. Bila hosteli. Bila chakula. Bila viza.

Nikachukua kalamu. Dola 2,400 nikaizidisha kwa 2,600 ni shilingi 6,240,000. Injini ya mzee milioni 6 na nusu. Injini yote ni semista moja na nauli ya Dar. Na kozi ni miaka 6, semista 12. Nikamwandikia mzee kwenye mchanga pale wanapoanika, injini 1, nikachora duara 12. Akaangalia mda mrefu. Akasema "kumbe wanataka injini kumi na mbili."

Rafiki_wa_Liemba

Aisee. Na hapo umepiga kwa dola isiyosogea. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama 2,330, katikati ya 2024 ikapita 2,600. Ada ileile, chuo hakijaongeza hata senti, wewe umeongezewa zaidi ya mia mbili na sabini kwa kila dola. Kwa dola 4,800 za mwaka ni zaidi ya milioni moja na laki mbili imeongezeka umelala.

Niihao_Buhigwe

Na kipindi kile cha 2023 dola zenyewe zilikuwa hazipatikani, unakuwa na shilingi mkononi benki wanakuambia rudi kesho. Chuo hakijui habari za kesho.

Pwani_ya_Ujiji

Na msisahau ziwa. Mwaka 2024 lilifungwa kuvua kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, miezi mitatu. Ada za vyuo vingi zinadaiwa lini? Agosti, Septemba. Yaani hela inatakiwa mda ule ule ambao mvuvi hana hata ya chumvi. Ukichagua chuo uliza kama wanakubali kulipa kwa awamu na tarehe za awamu, maana mvuvi hata mwezi wa kawaida analipwa na giza, mbalamwezi ikiwaka watu wanashona nyavu tu.

Mjomba_Gungu

Hii ya mbalamwezi na ada imenikaa. Ila narudi kwenye swali langu, narudia mara ya tatu. Dogo anasemaje?

Dada_Bugando

Na mimi niongeze, mbona hakuna anayeongelea hapa nyumbani? B B C ya PCB siyo ya kudharau. Vigezo vya udaktari hapa nchini anavyo, ushindani tu ndo mkali, Muhimbili anaweza akakosa ila UDOM ya Dodoma, CUHAS ya Bugando Mwanza, KCMC ya Moshi, Ifakara aombe, na akipangiwa kuna mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ambao mtu aliyejipeleka nje mwenyewe asiutegemee. Jamaa wa vipeperushi kasema atapangiwa kozi za ajabu, nani anampangia? Mwombaji anachagua kozi mwenyewe anaomba chuoni, tena dirisha la kwanza likipita kuna lingine.

Kampala_Nipo

Dada yuko sahihi ingawa ananiharibia soko la dagaa. Nje nenda kama una ufadhili, au kozi haipo nyumbani, au hela ipo ya miaka yote siyo ya kuanzia. Na ata ile IIT Madras, chuo cha uhandisi cha India, imefungua tawi Zanzibar tangu 2023, kuna watu walikuwa wanaota kuifuata India yenyewe, sahivi ni boti tu toka Dar. Japo hiyo ni ya wahandisi na data siyo PCB.

Msomi_wa_Kigamboni

Naona watu wa mikoani mnatishana. Vyuo vya nje vina maabara, vina vifaa, mtoto anapanuka akili anakutana na dunia. Hapa tunakariri. Mkibaki na woga wa injini mtabaki na injini.

Niihao_Buhigwe

Mkuu mimi nimepanuliwa akili uani kwa mama saa tisa usiku. Ila upande mmoja nakubaliana na wewe, nilivyorudi kule 2022 nimeona mashine ambazo hospitali nilipo sahivi hakuna. Ubaya ni kwamba sahivi nipo hospitali ambayo hakuna. Nimejifunza kutegemea mashine, mwenzangu wa Bugando anashika tumbo la mgonjwa anajua.

Msomi_wa_Kigamboni

Hapo sina jibu.

Mwisho_wa_Reli

Wakuu leo nimefanya alichosema Mjomba Gungu, samahani mjomba nilikuwa nakupita. Nimemwita dogo tukakaa kwenye boti ya mzee imevutwa mchangani, nikampa simu asome uzi wote. Kasoma kimya, sehemu ya Kichina kacheka. Alafu kaomba aandike mwenyewe. Nampa.

*Shikamooni wakubwa. Mimi ndo dogo. Nimesoma yote na nashukuru sana hasa mama na dada. Kusema kweli udaktari siutaki, nimeogopa kumwambia baba kwa sababu alivyosikia daktari alianza kuniita daktari mpaka mbele ya wateja. Mimi toka likizo ya fom foo nakaa duka la dawa la mama mdogo pale Mwanga, najua dawa, najua watu wananunua amoksilini vidonge vinne wakijisikia vizuri wanaacha, najua ipi haikai na jua. Nataka famasia. Kwenye karatasi ya yule kaka famasia ilikuwepo kwa bei tofauti ila hakuna aliyegeuza. Naomba mnisaidie na mimi swali, famasia nje na famasia hapa ipi bora kwa mtu ambaye anataka kurudi Kigoma? Maana mimi nataka kurudi.*

Mjomba_Gungu

Haya. Sasa tunaongea.

Mama_Mawese

Mwanangu Mungu akutangulie. Baba mwambie taratibu, baada ya chakula, siyo kabla.

Dada_Bugando

Mdogo wangu umenifurahisha. Famasia ni miaka 4, digrii yako itapita TCU kama umesoma nje, na Baraza la Famasi ndo watakusajili. Kwa vile unataka kurudi, ushauri wangu soma hapa nyumbani, wagonjwa wako ni wa hapa, dawa na sheria zake ni za hapa, na intanishipu unaingia na wenzako. Nje kaende masta. Na masta ndo ufadhili umejaa, hao DAAD aliosema mwenzetu, Chevening ya Waingereza ukishakuwa na uzoefu wa kazi, China pia masta wanatoa yuani 3,000 kwa mwezi na kozi za Kiingereza zipo za kutosha. Utakwenda na hela ya mtu na akili yako imekomaa.

Rafiki_wa_Liemba

Nakubali asilimia kubwa ila dogo usifunge mlango. Omba vyuo vya hapa dirisha hili, ukipata anza. Januari ikifika jaza Türkiye Bursları mwenyewe kwenye simu yako, haina gharama. India nao wana ICCR, ufadhili wa serikali yao, MBBS hawafadhili ila kozi nyingine wanafadhili, angalia kama famasia imo mwaka huo. Ukipata fikiria, ukikosa hujapoteza hata bando la siku. Na India ukiangalia chuo angalia ithibati yake ya NAAC, hao ndo wanaokagua ubora wa vyuo huko.

Alafu anza paspoti mapema, ni 150,000 na sisi wa mkoa wa mpakani maswali ya uraia ni mengi, andaa cheti cha kuzaliwa chako na vya wazazi, na kitambulisho cha NIDA. Kuna mtu kapata ufadhili kakosa ndege kwa cha kuzaliwa cha babake.

Kampala_Nipo

Na majina dogo! Cheti cha fom foo, fom siksi, NIDA na cha kuzaliwa viwe jina moja herufi moja. Mimi nilikuwa na "h" moja zaidi kwenye cha kuzaliwa nikazungushwa wiki tatu, kiapo mahakamani, na semista imeanza.

Wakala_Mwaminifu

Tunazo na famasia pia ndugu.

Kuhe_Mkavu

Huyu hafi.

Mwisho_wa_Reli

Mrejesho wakuu, samahani nimekaa kimya siku sita.

Mzee kaambiwa. Aliambiwa baada ya chakula kama alivyosema mama, ugali na migebuka. Kanyamaza, kanawa mikono mara mbili, kauliza "na huyo wa famasia anavaa koti jeupe?" Dogo kasema anavaa. Kasema basi.

Dogo kaomba vyuo vitatu, vyote hapa nchini famasia, kimoja kaweka na kozi ya maabara kama akiba. HESLB tumejaza, imetuchosha kwa mtandao wa huku ila imeisha. Paspoti tumeanza, cha kuzaliwa cha mama ndo kilikuwa kina shida, kimeandikwa Kasulu wakati kazaliwa Manyovu, tunarekebisha. Yule wa vipeperushi kaja tena jana, nikamwomba namba ya TCU akasema ataituma kwa WhatsApp, mpaka sahivi tiki moja.

Injini imerudi kwenye boti. Giza la wiki hii wamepata vizuri.

Mama_Mawese

Alhamdulillah.

Kampala_Nipo

Mkuu na hao dagaa debe sahivi mnauzaje hapo Kibirizi? Narudi Kampala mwezi ujao.